Barua Iliyokwama Tuwan

Mama alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuipinga nyumbani kwetu mtaa wa Tuwan, Kitale: ngurumo ikianza, kila kinachong'aa kifunikwe, na meni swichi, ile ya stima ya nyumba nzima, izimwe. Kioo cha kabati kilifunikwa kwa leso. Sufuria zilizoanikwa nje ziliingizwa ndani mbio mbio. Redio ilichomolewa na kugeuzwa kuelekea ukutani kama mtoto aliyekosa adabu. Radi ya Kitale haina mchezo, na kila familia ilikuwa na hadithi yake ya ng'ombe au ya mtu, kwa hivyo hatukumcheka. Tulimcheka tu pale alipoiongeza kompyuta kwenye orodha. Alikitazama kile kioo cheusi cha skrini, akaamua ni kioo kama kioo kingine, akakitengea leso yake pekee.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimesoma kompyuta mjini, zile pakeji tulizofundishwa wanafunzi wanne kwa mashine moja, mmoja akishika kibodi na watatu wakimpumulia shingoni. Niliporudi na cheti, baba akaninunulia kompyuta mpya ya mezani ili nifungue huduma ya kupiga chapa kwenye chumba cha mbele, bega kwa bega na cherehani yake. Mpaka leo nikifungua katoni ya kitu chochote chenye lile povu jeupe, hunijia chumba kile: harufu ya plastiki mpya, mafuta ya cherehani, vipande vya vitambaa sakafuni, na majirani wakija kwa zamu kuitazama, wengine wakiwa wamenawa mikono kabisa ingawa hakuna aliyewaruhusu kuigusa. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena kwa kitu cha kununuliwa.

Shida ni kwamba mvua ya Kitale huja saa tisa alasiri, na saa tisa ndiyo nilikuwa nimezama kazini. Mama hakuita wala kuuliza. Alikuwa akifika tu kwenye meni swichi, kap, na kazi yangu ya saa mbili inakwenda na maji.

Nilipoiwasha tena baadaye, kompyuta ilikuwa na malalamiko yake. Siku moja ilileta ukurasa mweusi na kuniuliza kama nataka ianze kawaida au kwa tahadhari. Siku nyingine ilileta ukurasa wa buluu, ikasema inaikagua diski yake, na ikahesabu kuanzia asilimia moja hadi mia kwa mwendo wa konokono. Nilinunua daftari la kurasa thelathini na mbili nikawa naandika kila kosa na dawa yake, maana kwenye pakeji zangu hakuna aliyetufundisha nini hufanyika kabla ya kompyuta kuamka. Tulizikuta zimeshaamshwa na mwalimu.

"Mama, si ungeniambia kwanza niizime polepole?" nilimlalamikia.

"Radi itakungoja uizime polepole?" alinijibu, akaendelea kuchambua mchele.

Mwaka huo baba alipata nafasi ya kwenda Hija. Alikuwa fundi cherehani wa miaka mingi, na jina lake lilikuwa limekaa muda mrefu kwenye orodha ya wenye kusubiri. Mwenye kwenda Hija haondoki hivi hivi. Anazunguka kwanza kwa watu aliowahi kuwakosea, anaomba radhi, ili asiende kuomba kwa Mola huku nyuma ameacha watu na vinyongo. Baba alilichukulia jambo hilo kwa uzito wa fundi. Alichukua daftari lake la vipimo vya wateja, akalipitia ukurasa kwa ukurasa, akiweka alama ya chaki kwenye kila jina alilohofia. Yalitoka majina arubaini na kitu, ya Kitale na ya Bungoma alikozaliwa.

Wazo la kompyuta lilikuwa langu, na nililitoa kwa majivuno. Nilimwambia hana haja ya kuzunguka kote huko. Tungeandika barua moja tu, kisha mimi nibadilishe jina juu, tuchape, tubadilishe tena, tuchape. Baba alifurahi sana. Alisimama nyuma yangu mikono mgongoni akiitazama printa ikitoa msamaha mmoja baada ya mwingine, wote sawasawa, na akaniambia huu ni ushonaji wa kiwandani. Barua zilisema kwamba anakusudia safari, na kama aliwahi kukosea kwa neno au kwa kitendo, kwa kujua au bila kujua, anaomba asamehewe. Zile za Bungoma tulimpa mtu mmoja wa msikitini aliyekuwa akienda huko, azigawe.

Jina moja tu halikuchapwa. Lilikuwa la mdogo wake baba, baba mdogo wangu, fundi wa baiskeli wa Bungoma.

Hao wawili walikuwa hawajasemezana kwa miaka saba. Nyanya, mama yao, aliishi kwa baba mdogo, na huko ndiko alikofariki alfajiri moja. Habari ilitufikia asubuhi kwa simu ya dukani. Baba akatuma neno kwamba asizikwe kabla hajafika, akapanda gari, akapita njia ya Chwele kwa sababu ni fupi. Mvua ilikuwa imenyesha, gari likazama kwenye tope, na alipofika Bungoma alikuta watu wanatoka makaburini wakipangusa udongo mikononi. Sisi Waislamu hatuweki maiti, kila mtu anajua hilo, na baba alilijua zaidi. Lakini alisimama mbele ya waombolezaji wote akamwambia mdogo wake, "Umemzika mama mbio mbio kama mtu asiye na watoto." Kisha akageuka akarudi Kitale siku hiyo hiyo.

Mimi ndiye niliyepewa jina la nyanya. Ndiyo maana baba aliniita mama, na baba mdogo pia aliniita mama enzi zile alipokuwa akitutembelea na kunibeba kwenye mtaimbo wa baiskeli. Nilimkosa sana baba mdogo. Kwetu alikuwa ndiye mtu wa kicheko, na alipoacha kuja nyumba ilipoa.

"Hii ya huyu nitaiandika mwenyewe," baba aliniambia kuhusu barua ya mwisho. "Nifundishe tu mahali pa herufi."

Nilimfundisha. Vidole vyake vilivyozoea sindano vilikuwa vizito kwenye kibodi, na alitumia kimoja tu, cha shahada. Kila mchana nilipokwenda mjini kununua karatasi alikaa pale akiandika, na nilipoingia alificha ukurasa. Nilimpa disketi, ile ya bapa, nikamwonyesha tundu lake na namna ya kuhifadhi humo, kwa sababu ya mama na swichi yake. Ilimchukua wiki mbili. Nilikuwa nikimwona jioni akikata kitambaa huku midomo inacheza, ninajua yuko kwenye ile barua.

Jumamosi moja, siku kumi na mbili kabla ya safari, ngurumo ilipiga upande wa Mlima Elgon. Mama akafunika kioo cha kabati, akazima meni swichi. Hakujua kwamba baba alikuwa chumba cha mbele.

Stima iliporudishwa niliwasha kompyuta nikitegemea ukurasa wa buluu kama kawaida. Badala yake ilikoroma, krr-krr, ikakaa kimya, kisha ikaandika kwa herufi nyeupe kwenye giza kwamba diski hii si ya mfumo, niibadilishe nibonyeze kitufe chochote. Nilibonyeza. Ikakoroma, ikaandika vile vile. Nilibonyeza vyote, mpaka vile nisivyojua kazi yake.

Huo ulikuwa mwanzo wa siku nne za mateso. Jumapili nilichomoa nyaya zote nikangoja nusu saa, nikazirudisha. Nilibadilisha soketi. Jumatatu niliazima bisibisi ya cherehani, nikafungua ubavu wa sipiyu, lile sanduku lenye mashine yenyewe, nikapuliza vumbi ambalo halikuwepo, maana mashine ilikuwa mpya. Nilikuwa nimesikia mafundi wa mjini wakisema kile kibao cha kumbukumbu husuguliwa kwa raba, nikakitoa, nikakisugua kama daftari la darasa la pili, nikakirudisha. Krr-krr. Diski hii si ya mfumo. Nilisikia ule mkoromo nikaamini ni diski kuu inakata roho, na barua ya baba ndani yake, maana disketi sikuiona popote mezani na nilidhani hakuwahi kuitumia. Niliandika yote kwenye daftari langu, na safu ya dawa ikabaki tupu.

Nilimkasirikia mama, nikaikasirikia kompyuta, na zaidi nikajikasirikia mimi na cheti changu.

Jumatatu hiyo hiyo jioni yule mtu aliyezigawa barua alirudi kutoka Bungoma. Alikataa kuketi. Alisema barua zimefika, watu wamefurahi, wamesomeana msikitini na kutaniana kwamba zinafanana kama barua za chifu. Kisha akamtazama baba.

"Lakini ndugu yako ananiuliza, ati yeye pekee ndiye hakukosewa? Ama yeye ndiye hafai kuombwa?"

Baba aliketi kwenye kiti cha cherehani akaushika ule mkono wa gurudumu bila kuuzungusha. Sijawahi kumwona mtu ameaibika hivyo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Tulichokusudia kiwe dawa kilikuwa kimeongeza jeraha: mji mzima umeombwa radhi, mwenye haki ya kwanza ameachwa nje.

"Jaribu tena, mama," aliniambia usiku ule na asubuhi iliyofuata. "Maneno yale siwezi kuyapata mara ya pili."

Niliwapigia simu wenzangu wa chuo. Mmoja alisema diski imekufa, mwingine alisema niipeleke Eldoret. Baba alijaribu kuandika upya kwa kalamu, akachana karatasi tatu. Mama ndiye aliyemaliza mambo Jumanne jioni, huku akikaanga vitunguu bila kutugeukia.

"Si Bungoma ni hapo tu? Mtu ana miguu anangoja mashine?"

"Nitamwambia nini?" baba akauliza.

"Utajua ukifika."

Jumatano tulikwenda, baba na mimi. Alitaka tupitie Webuye. Ni mzunguko, lakini sikumuuliza, nilijua njia ya Chwele hajaipita tangu siku ile. Pale Webuye, harufu ya kiwanda cha karatasi ilipoingia dirishani, nilimwona anahesabu kitu kwa vidole, nikafikiri ni tasbihi. Baadaye nilitambua alikuwa akijaribu kukumbuka aya za barua yake.

Baba mdogo alikuwa nje ya banda lake nyuma ya msikiti, gurudumu la baiskeli mbele yake, akikaza spoku moja moja na kulizungusha kuona kama limenyooka. Alikuwa amezeeka. Aliinua macho kwa baba, akayarudisha kwenye gurudumu.

"Assalamu alaykum," baba alisema.

"Waalaykum salaam."

Gurudumu likazunguka.

"Nilikuwa na barua yako," baba akasema.

"Iko wapi?"

"Imekwama ndani ya kompyuta. Muulize huyu."

Baba mdogo akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mama," alisema, "kumbe umekuwa mtu mzima."

Akaendelea na spoku yake. "Watu wa msikiti huu wote wamepata. Hata yule wa mahamri. Yeye ulimkosea nini?"

"Nilimshonea kanzu ikambana kwapani."

Nikaona midomo ya baba mdogo inapigana na kicheko, ikashinda. "Na yangu ilisema nini?"

Baba alisimama pale na kofia yake mkononi. Mtu aliyeandika wiki mbili. Nilimwona anahesabu tena kwa vidole. Nilijilaumu kwa kila herufi niliyoshindwa kumtolea.

"Ilisema unisamehe," alisema mwishowe.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Baba mdogo aliweka spana chini. Alifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, kidole kwa kidole, akachukua muda.

"Siku ile jeneza lilikuwa hapa mlangoni mwa msikiti," alisema. "Tulipomaliza adhuhuri wakasema tubebe. Nikasema ngojeni, mkubwa yuko njiani. Imamu akaniambia si vizuri kumchelewesha maiti. Basi nikaenda kule kaburini kwa wale wachimbaji, nikawaambia hamjafikisha kina, ongezeni. Wakaongeza. Nikarudi hapa, nikaangalia barabara, hakuna mtu. Nikaenda tena, nikawaambia ongezeni. Wakanitazama hivi, wakadhani msiba umenizidi akili, lakini wakachimba. Bana, kule hakuna kaburi lenye kina kama la mama. Mara ya tatu imamu akanishika mkono akaniambia, inatosha."

"Hukuniambia," baba alisema.

"Ungesema najitetea."

Baba aliketi kwenye kreti ya soda iliyokuwa pale. Aliketi tu, kwa ghafla, na mdogo wake akamsogelea akasimama karibu naye, mkono begani, kama mtu anayemkinga mwenzake jua. Mimi nilijifanya kutazama baiskeli. Baadaye walikwenda makaburini wawili, na mimi nikabaki na mke wa baba mdogo tukipika. Waliporudi walikuwa wakibishana kuhusu ni nani kati yao aliyemvunjia nyanya mtungi zamani, na nilipokisikia kile kicheko tena niliacha kisu nikalia waziwazi. Sikuona haya.

Tulirudi Kitale kesho yake. Jioni, baada ya kila mtu kuondoka chumba cha mbele, niliiwasha ile kompyuta bila haraka, kwa sababu hakuna tena aliyengoja chochote kutoka kwake. Mkono wangu ulikuwa umeegemea sipiyu. Krr-krr. Niliuhisi mkoromo chini ya vidole, na haukutoka ndani kulikokuwa na diski kuu. Ulitoka mbele, kwenye lile tundu jembamba, na taa ndogo ya kijani ilikuwa ikiwaka pale. Nilibonyeza kitufe. Disketi ikatoka nje kama ulimi.

Stima ilipokatwa baba alikuwa ameiacha humo. Kompyuta, kila ilipoamka, ilitazama kwanza hapo, ikakuta disketi isiyo na cha kuiamshia, ikagoma. Siku nne. Raba, bisibisi, simu za wenzangu, na tiba ilikuwa kubonyeza kitufe kimoja. Niliiwasha upya na ikafunguka mara moja, mzima wa afya. Kwenye lebo ya disketi baba alikuwa ameandika neno moja: Bungoma.

Sikupaswa kuifungua. Niliifungua.

Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, maneno yameachana vibaya, herufi kubwa katikati ya sentensi. Ilianza na saa aliyopata simu ya dukani. Ikaeleza gari, tope, na mahali walipokwama, na jinsi alivyosukuma mpaka viatu vikabaki kwenye matope. Ikaeleza kwamba alituma neno asubuhi mapema na kila mtu Bungoma alilisikia. Ikasema mkubwa ni mkubwa, na hata haraka ina mipaka. Mwishoni ilisema kwamba kwa ajili ya safari yake yuko tayari kuyasahau yote. Niliisoma mara mbili, kisha nikatumia kompyuta yenyewe kulitafuta neno. Neno nisamehe halikuwamo.

Nilikaa pale mpaka mama akaja kuniuliza kama nimelala. Nilimfikiria baba mdogo akiifungua bahasha ile mbele ya gurudumu lake, na kaburi lililochimbwa mara mbili zaidi kifuani mwake. Nikaifuta barua. Disketi nikaing'oa kile kibati chake, nikaikunja, nikaitupa chooni.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, siku ya kuondoka, baba alitupanga sebuleni akapita kwa kila mmoja. Baba mdogo alikuwepo, amekuja kumsindikiza. Baba alipofika kwangu alinishika mikono yote miwili.

"Mama, nilipokukosea nisamehe."

"Nimekusamehe, baba. Na mimi nisamehe."

"Nimekusamehe, duniani na akhera."

Alikwisha kupiga hatua kwenda mlangoni aliporudi, akainama karibu na sikio langu ili mdogo wake asisikie.

"Ile barua ilionekana?"

"Haikuonekana, baba."

Alinitazama machoni muda mrefu kuliko swali lenyewe. "Afadhali," alisema. "Afadhali, mama." Kisha akachukua begi lake.

Sasa baba na baba mdogo wote wametangulia, na wamezikwa Bungoma, upande huu na huu wa nyanya. Uongo ule niliusema baada ya radhi kupita, kwa hivyo haumo katika yale aliyonisamehe. Nilipata miaka mingi ya kumwomba radhi kwa ajili yake, na sikuomba.